Maliza Kesi ya Mshahara Kabla Haijakumaliza

Mwajiri asiyelipa ana kalenda yake mwenyewe. Ndani yake hakuna tarehe 30 wala 31. Kuna Ijumaa ijayo, kuna mzigo ukitoka bandarini, kuna mteja akilipa, kuna mkurugenzi akirudi safari. Ukikubali kuishi kwa kalenda hiyo, mtoto wako aliyekuwa chekechea atamaliza darasa la saba na wewe bado unasubiri Ijumaa. Hatua ya kwanza, basi, ni kutundika ukutani kalenda ya kwako na kuizungushia wino mwekundu ile siku ambayo hela ilipaswa kuingia na haikuingia.

Wino huo una kazi. Kwa Tanzania Bara mgogoro wa mshahara unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA, na kanuni za mwaka 2007 zinatoa siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kama umeachishwa kazi na unapinga kuachishwa kwenyewe, una siku 30 tu. Sasa yapigie hesabu maneno "njoo Ijumaa". Ijumaa nane ni siku 56. Ijumaa ya tisa umeshatoka nje ya muda, na mwajiri yuleyule aliyekuwa akikupiga kalenda kwa upole wote atamtuma wakili aje kusema kwamba dai lako limechelewa. Bado unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utatakiwa kueleza kilichokuchelewesha, siku hadi siku, na jibu la "bosi aliniambia nisubiri" huwa jepesi mno likisimama peke yake. Kwa hiyo ahadi ipokee, itikie "sawa mzee", na kesho yake asubuhi nenda ukachukue fomu. Kufungua mgogoro CMA hakumzuii bosi kukulipa Ijumaa, kama kweli Ijumaa hiyo ipo. Na ada ya kufungua hakuna.

Kabla hujatoka getini na fomu kichwani, kusanya karatasi, kwa sababu siku wakijua unadai, geti hilo litasahau sura yako. Kitambulisho cha kazi, karatasi za mshahara za miezi uliyolipwa, ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, picha ya daftari la mahudhurio, ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha mshahara uliingia kutoka namba ya nani. Ule ujumbe wa WhatsApp ambamo mhasibu aliandika "jamani vumilieni, mishahara ya miezi miwili itatoka pamoja" ni mali. Usiufute kwa hasira. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, rekodi za namna hiyo zinapokelewa kama ushahidi, na hapo mhasibu ameshakuandikia deni kwa mkono wake.

Huna mkataba wa maandishi? Usijikunyate. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Shauri likifika mbele na akashindwa kuonyesha mkataba wala maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai unamwangukia yeye. Meneja akitamba kwamba "huyu hana mkataba, atatupeleka wapi", muulize kwa adabu mkataba huo ulitakiwa kuandikwa na nani.

Sasa kaa chini na kalamu, maana hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapoibiwa mara ya pili, safari hii kwa ridhaa yao. Mchukue mlinzi wa kampuni binafsi anayelipwa 260,000 kwa mwezi. Nimemchagua mlinzi kwa sababu anakesha akilinda mali ya watu huku mwenye kampuni akilala na mshahara wake. Anadai miezi miwili. Ukimuuliza jumla ya deni atasema 520,000, basi. Bosi atashusha pumzi, atasema hali ya biashara ni ngumu, atatoa 260,000 taslimu "tumalize kiungwana", na mlinzi aliyeshinda na chai ya rangi atataka kumshukuru.

Asimshukuru. Azirudie saa zake. Zamu ya saa 12 kwa siku sita ni saa 72 kwa wiki. Saa za kawaida kwa mujibu wa sheria ni 45. Zimezidi 27. Ndani ya wiki nne, hizo ni saa 108 za ziada, wakati sheria inaruhusu zisizidi 50, na kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Kupata thamani ya saa yake, gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 kama jedwali la sheria linavyoelekeza: unapata kama 60,000 kwa wiki. Gawanya kwa 45, ni kama 1,333 kwa saa. Ongeza nusu yake, ni 2,000. Miezi miwili ina wiki nane na theluthi mbili, yaani saa 234 za ziada, na hizo ni 468,000. Jumlisha na ile 520,000: deni ni 988,000. Nusu aliyoitoa bosi imegeuka robo na chenji kidogo.

Na hatujagusa usiku. Kazi iliyofanywa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Hatujagusa sikukuu, ambazo ukifanya kazi unalipwa mara mbili, wala likizo ya mwaka ya siku 28 ambayo watu wanaiuza bila kujua wameiuza kwa nani. Kama ajira imekatishwa, kuna malipo ya notisi, kuna kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi, na kuna nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama walikutoa mbali. Kwa upande mwingine, kama ulipewa kweli saa moja ya mapumziko katikati ya zamu, itoe kwenye hesabu. Dai lililonyooka linamnyima wakili wa bosi pa kushika.

Makato nayo yakague moja moja. Lindo likivunjwa, kampuni nyingi zinakata mshahara wa mlinzi hapo hapo, na anaambiwa kama anapewa hali ya hewa. Sheria haikubali mchezo huo. Mwajiri hawezi kukukata kwa ajili ya hasara mpaka iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, awe amekueleza sababu kwa maandishi na kukupa nafasi ya kupinga, na hata hapo kisichozidi robo ya mshahara ndicho kinachokatwa. Ukikuta mwezi mzima umemezwa na "hasara ya lindo", uandike wote kwenye dai.

Fomu ya kufungua mgogoro inaitwa CMA F.1, na ina mitego miwili mitatu ambayo si ya mwajiri, ni ya haraka zetu. Kuna sehemu, ile B, ya watu wanaopinga kuachishwa kazi. Kama unadai mshahara tu na bado uko kazini, haikuhusu; ukiijaza utakuwa umechanganya madai na utatumia asubuhi nzima kulijibu pingamizi. Kuna nafasi ya nafuu unazoomba: andika kila kitu na kiasi chake, kwa sababu usichokiomba hapo ni vigumu kukipata baadaye. Halafu kuna jina la mwajiri, na hili nalisisitiza kuliko yote. Jina lililoandikwa kwenye sare, jina lililo kwenye bango la ofisini na jina lililosajiliwa BRELA yanaweza kuwa matatu tofauti. Ukishinda dhidi ya jina la kwenye sare, utakuwa umeishinda sare. Tafuta jina la usajili, liandike kama lilivyo, herufi kwa herufi, pamoja na lile neno la mwisho linaloonyesha kwamba ni kampuni.

Mkiwa wengi mnaweza kufungua kwa pamoja, na mmoja akasaini kwa niaba ya wote. Lakini aambatanishe orodha ya majina ya waliomtuma, na kila mmoja awe ameiwekea sahihi. Watu wanaidharau orodha hii kwa sababu ni karatasi moja tu yenye majina, halafu mashauri ya watu hamsini yanayumba kwa sababu ya karatasi hiyo moja. Isainiwe mapema, mchana, na kila mtu aliyekusudia kudai, aliye Mbagala na aliyerudi kwao Singida. "Na wenzake" si jina la mtu. Wala haliwezi kuitwa barazani likaitika.

Nakala ya fomu mpelekee mwajiri, hakikisha amesaini kupokea, na uthibitisho huo uende nao CMA. Dada wa mapokezi akisema ameagizwa asipokee barua yoyote, usimfokee; naye labda anadai. Tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Sasa unasubiri siku ya usuluhishi, na nitakueleza jinsi simu itakavyolia. Italia jioni ya kuamkia siku hiyo. Meneja, ambaye kwa wiki saba alikuwa hapatikani, atakuita kaka, atauliza habari za mama, kisha atasema: "Kesho usisumbuke kwenda, tumeshaelewana, njoo ofisini." Mshukuru kwa simu, na asubuhi uwe wa kwanza kufika CMA. Mlalamikaji asipotokea, msuluhishi anaweza kulitupa lalamiko. Mwajiri asipotokea, msuluhishi ana mamlaka ya kulitolea uamuzi bila yeye. Hiyo ndiyo sababu mtu mmoja anataka mwenzake asisumbuke kwenda.

Huhitaji wakili ili kuingia. Unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, TUICO au CHODAWU kwa mfano, au na mtu wako uliyemchagua mwenyewe. Usuluhishi una siku 30 tangu mgogoro ufunguliwe, isipokuwa pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza. Mazungumzo ya humo ni ya faragha, na ulichokuwa tayari kukipunguza hakiwezi kuja kutumiwa dhidi yako kwenye uamuzi. Kwa hiyo zungumza bila woga.

Na upatane. Ninasema hivi nikiamini kabisa, kwa sababu wako watu wanaokwenda CMA wakitaka kumwona bosi ameaibika, na aibu ya bosi hailipi pango. Usuluhishi ukishindikana kuna uamuzi, na mwamuzi akimaliza kusikiliza ana siku 30 za kutoa tuzo, yaani hukumu yake. Ukipata tuzo, mwajiri ana wiki sita za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Rufani. Mwenye kampuni anaweza kupanda ngazi hizo zote akitumia pesa ambayo ndiyo mshahara wako. Shilingi laki nane mwezi huu, kwa mtu ambaye ada ya watoto imemkaba, ni bora kuliko milioni moja ya miaka mitatu ijayo. Ila laki nane hiyo uikubali ukiwa unajua deni lako ni 988,000. Ukiingia bila hesabu, njaa ndiyo itakayokuwa msuluhishi, nayo hukubali namba ya kwanza inayotajwa.

Tarajia hotuba. Ataanza na "sisi hapa ni familia". Muulize kama ada za watoto wa familia hiyo upande wake zimelipwa. Atasema kampuni haina kitu. Mwombe msuluhishi aandike kwamba mwajiri amekubali deni na kinachobishaniwa ni muda wa kulipa tu, kwa sababu hicho ndicho alichokisema. Atasema mkiendelea atafunga kampuni mkose wote. Hiyo ni hasira, iache ipite, kisha rudi kwenye namba. Chai akileta, kunywa. Gunia la mchele akilitaja, mwambie mchele ni zawadi, mshahara ni fedha, na sheria inasema ulipwe fedha, siku iliyokubaliwa.

Halafu atajaribu kuwagawa, na hili ndilo linalovunja madai ya kundi kuliko ubishi wowote wa kisheria. Fundi mzuri ataitwa pembeni na kulipwa yote. Mzungumzaji wenu ataahidiwa usimamizi wa zamu. Mama mwenye mtoto mgonjwa atapewa nusu leo jioni. Simlaumu mama huyo, na msimzomee. Kaeni kabla, mkiwa bado mnapendana, mkubaliane kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake, na mkubaliane pia kwamba mwenye shida kubwa awe wa kwanza katika awamu ya kwanza. Kundi lililomtunza mwenye shida halipasuki kirahisi.

Kipi cha kuachia? Maoni yangu ni haya. Mshahara wa siku ulizofanya kazi usiuachie hata senti. Huo umeshautolea jasho, na kuupunguza ni kumfundisha mwajiri bei ya kutolipa. Saa za ziada zinaweza kujadiliwa, hasa kama rekodi zako zina mapengo. Fidia ya usumbufu inaweza kuachiwa yote kama malipo ni ya mara moja. Akitaka awamu, basi kila awamu ainunue kwa kurudisha kitu: saa za ziada zinarudi mezani, au awamu ya kwanza inakuwa nusu ya deni.

Mkishaelewana, andika kama mtu asiyemwamini mtu yeyote, hata kama mmeshikana mikono. Kila jina na kiasi chake. Kila tarehe iwe tarehe kamili, maana "mwisho wa mwezi" ndiyo iliyotufikisha hapa. Fedha iingie akaunti ipi au namba gani ya simu. Kiasi ni kabla ya makato au baada. Sharti kwamba awamu moja ikikosekana, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Anayesaini upande wa pili awe mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni, na cheo chake kiandikwe. Yote haya yasainiwe mbele ya msuluhishi, na ondoka na nakala yako siku hiyohiyo.

Kuna sentensi moja ya kuitafuta kwa kidole, mstari kwa mstari: "nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai lolote." Wataiweka katikati ya ukurasa, mahali macho yamechoka. Kama hela haijaingia, hujalipwa, na sahihi yako chini ya sentensi hiyo itakuwa imeutangazia ulimwengu jambo ambalo halijatokea. Ibadilishe isomeke kwamba madai yatakwisha awamu ya mwisho itakapopokelewa. Wakikataa mabadiliko hayo, wamekwambia mapema kwamba awamu ya mwisho hawakuikusudia. Rudisha kalamu na uombe cheti cha kushindikana kwa usuluhishi, uende kwenye uamuzi.

Wakisaini kisha wasilipe, usianze upya na kalenda za Ijumaa. Nenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na nakala yako, uombe makubaliano yakaziwe, na ndiyo maana ulipokuwa bado kazini ulipaswa kujua kampuni inatumia benki gani na magari yake yana namba zipi. Mahakama inakazia kwenye mali inayoonyeshwa, haikusaidii kuitafuta.

Mambo mawili husahaulika mezani kwa sababu hayana uzito mkononi. La kwanza ni michango ya NSSF. Mwajiri aliyeshindwa kulipa mshahara mara nyingi alikuwa ameshaacha kupeleka michango miezi mingi kabla, huku akiendelea kuikata kwenye karatasi yako ya mshahara. Pata taarifa yako ya michango kabla ya siku ya usuluhishi, hesabu miezi iliyo tupu, ifanye kuwa kifungu cha makubaliano, na lalamiko lenyewe lipeleke NSSF, ambao wana mamlaka ya kumdai kwa njia zao. La pili, kama ajira imekwisha, ni cheti cha utumishi. Mwajiri anatakiwa kukupa kwa mujibu wa sheria, na hakuna kifungu kinachomruhusu kukishikilia kwa sababu ulimdai. Omba kiandaliwe kabla ya kusaini, soma kama cheo na miaka yako imeandikwa sawasawa, na ukipokee hapo hapo mezani, msuluhishi akiwa bado ameketi.